Samaki Sita wa Mstaafu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lipo kwenye kitambulisho, ila ukiliuliza hilo mtaani hunipati. Uliza Mama Misuko.
Umri: Miaka 47
Kazi: Msusi
Makazi: Chumba cha tatu, nyumba ya Mstaafu, nyuma ya kiwanda cha magodoro
Yameandikwa: Ijumaa tarehe 15, kuanzia saa 4:10 asubuhi

Basi, Afande, kama nilivyokuwa nakwambia kabla simu yako haijalia, mimi na fundi bomba hatuna neno. Ni mpangaji mwenzangu, chumba chake kimepakana ukuta na sebule ya mwenye nyumba wetu, tunayemwita Mstaafu. Tangu jana mmemweka ndani, mkewe yuko pale kwenye benchi na chupa ya chai, na mimi nimeitwa niseme nilichokiona. Nakisema.

Mstaafu alinunua tangi la samaki la kioo, akalijaza maji, akakaa nalo wiki tatu bila samaki hata mmoja. Kila jioni anavuta kiti, anatazama maji. Tukasema mzee wa watu ndiyo basi tena. Kumbe ndivyo alivyoelekezwa na muuza samaki, ati maji kwanza yazoee. Ndipo akaanza kuleta samaki, leo wawili, wiki ijayo mmoja, mpaka wakafika saba. Wote niliwapa majina. Yule wa madoadoa anayeng'ang'ania kioo kwa mdomo nilimwita Shemeji, maana shemeji yangu naye akija kwangu habanduki.

Jumapili tarehe 10, kama saa 12 jioni, fundi bomba alimgongea Mstaafu mlango kwa ajili ya pampu ya hewa ya lile tangi. "Mzee, hiyo mashine inakoroma kuliko mke wangu," akasema. "Ipo siku hao samaki watanyamaza na mimi nilale." Mkewe alimjibu kutoka ndani, lakini hilo usiliandike.

Mnamo Jumatatu tarehe 11, saa 12:30 asubuhi, Mstaafu alisafiri kwenda kumwangalia dada yake. Aliniachia ufunguo. "Mama Misuko, wape chakula kidogo tu, mara moja kwa siku. Kingine usiguse." Nikamwambia, "Baba, wewe nenda kwa amani." Ufunguo nikauvaa shingoni, hata kuoga naoga nao.

Jumatano tarehe 13, kama saa 8 mchana, nilimwona fundi bomba uani na chupa ya dawa ya kuzibulia mabomba. Alhamisi saa 3 asubuhi Mstaafu akarudi, nikampa ufunguo, akafungua. Nikamfuata ndani. Samaki sita wanaelea kiubavuubavu, kabaki Shemeji peke yake kwenye kioo. Mzee alikaa kitini, begi bado mkononi. Sijamwona hivyo tangu tulipomzika mkewe. Ndipo mdomo wangu ukatoa habari ya chupa. Nilimwambia yeye, na yule jirani anayeshinda dirishani kwake kutwa, na wateja wawili. Kufika saa tano mlikuwa mmeshakuja na gari.

Umeniuliza chupa ilikuwa ya kazi gani. Ya karo la uani, lilikuwa limeziba. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwita aje kulizibua. Umeniuliza lilizibwa na nini. Kokoto. Kokoto za wapi? Za kwenye tangi, Afande. Nilikuwa naziosha.

Ngoja niseme vizuri. Mzee kaniamini na nyumba yake, nimwachie uchafu ule? Humo ndani ya tangi kuna sifongo ya kuchuja maji, nyeusi kama soli ya kiatu. Nikaitoa, nikaipiga sabuni ya unga mpaka ikarudi rangi yake. Kokoto nikazisugua. Yale maji yaliyokaa kama chai nikayamwaga yote, nikajaza mapya ya bomba, yananukia ile dawa ya kuulia vijidudu kabisa. Samaki walisubiri kwenye beseni. Nikasema, Mstaafu akirudi hataamini macho yake.

Hapo wewe uliweka kalamu chini. Ukaniambia na wewe unafuga samaki kwako, na kwamba ule uchafu wa kwenye sifongo una vijidudu vinavyosafisha maji, ndio unaowalinda, ndio huo mzee aliousubiri wiki tatu. Nimenyamaza. Andika kwamba nimenyamaza, maana watu wa kwetu hawatakubali.

Fundi bomba hakuingia sebuleni. Ufunguo wa ile sebule ni mmoja, jana mzee alinirudishia kwa mkono wake ili nizidi kumlisha Shemeji, huu hapa. Niandike mimi. Na yule dada wa kwenye benchi mwambieni nyie kuwa mumewe anatoka, mimi namwonea haya. Kwa Mstaafu nitakwenda mwenyewe, kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote, na wewe unajua hiyo kwangu ni kazi. Halafu nilitaka uongeze kwamba jirani wa dirishani naye...

MAELEZO YA AFISA: Shahidi amekatisha saa 4:50 baada ya mteja wake, aliyesukwa upande mmoja tu, kuingia kituoni na kusema kwa sauti, "Mama Misuko, mpaka lini na nusu kichwa?" Nimemsomea maelezo haya akiwa mlangoni, amekiri ni yake, ameweka dole gumba. Mtuhumiwa ameachiwa saa 5:05.

Saa 5:10 shahidi amerudi dirishani kuuliza kama samaki aliyebaki anaweza kuoshwa kidogo, kwa maji matupu. Nimemjibu hapana. Ufunguo nimebaki nao.