Mama wa Mivule Yangu

Bungu, Korogwe
16 Februari 2025

Kaka yangu Mdoe,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi Tatu na watoto, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la saruji kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Baba anakula vizuri ila goti linamsumbua akipanda mteremko, na fimbo hataki kabisa. Ukimpa anakuuliza umemwona mzee gani hapa. Mama anakusalimu sana. Anauliza kama huko Handeni umeshanenepa au bado unatembea kama mtu aliyeibiwa chakula.

Najua unajiuliza siku hizi nani anaandika barua. Ningepiga simu, lakini kwenye simu wewe hunikatiza, mimi hulia, na vocha huisha kabla la maana halijasemwa. Castory, dereva wa Coaster, ameahidi kukukabidhi mkononi hapo Chanika ya Handeni, dukani kwa tajiri wako Mzee Shamshudin. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Mara ya mwisho ulinilalamikia kuhusu ule mvule mkubwa nyuma ya ghala lenu, jinsi popo wanavyouparamia wakati wa matunda na kuchafua magunia, na jinsi Mzee Shamshudin anavyokataa usikatwe kwa kuwa baba yake aliukuta. Nilicheka, kisha nikanyamaza, wewe ukadhani mtandao umekata. Mtandao ulikuwa mzima.

Nianze na niliyotumwa. Jumamosi hii, kabla mfungo haujaingia, ukoo utakusanyika kwenye Msitu wa Tambiko kutoa shukrani kwa ajili ya mivule ya shamba langu. Baba anasema ndiyo nafasi yako. Uje na mbuzi mweusi, usimame mbele ya wazee, uwaombe radhi wahenga kwa ile siku uliyoingia msituni na viatu, naye atakurudishia shamba lako la juu. Amesema mwanamume akivunja mwiko hujitokeza mwenyewe, hangoji kuitwa mara mbili, na kwamba akifumba macho kabla hujaja, shamba litakwenda kwa mwingine. Ujumbe wake ndio huo, nimeufikisha. Yanayofuata ni yangu.

Unakumbuka mwaka ule wa 2011 Baba alipotugawia mashamba mawili yaliyopakana, akatuambia kila mmoja apande mivule sitini kutoka kwa mti mama wa tambiko. Akasisitiza mila yenyewe, kwamba mbegu ya pale huokotwa na mkono wa yule atakayeipanda, haokotewi mtu. Wewe uliingia, ukaokota, ukatoka. Baba alipokuuliza ukakiri kuwa ulivaa viatu, ukajitetea kwamba siafu hawajui mila. Tulicheka sote siku ile, hata yeye.

Miaka ya mwanzo miche yako ilikuwa ya kujivunia. Yangu ilidumaa. Ukungu ulipokuwa ukishuka na kukaa mpaka saa nne, majani yangu yaligeuka manjano, nawe ulikuwa ukipita mpakani ukiniuliza kama nimepanda mivule au mchicha. Kisha, kaka, ukungu ukaacha kushuka. Uliuona mwenyewe ukipanda juu mwaka hadi mwaka, mpaka ukabaki kileleni tu. Vuli ya 2016 haikuja kabisa, na masika yaliyofuata yalikuwa manyunyu. Mivule yako ikaanza kukauka kutoka ncha kushuka chini. Yangu, ile uliyoiita mchicha, ikasimama.

Hapo ndipo viatu vyako vilipokumbukwa. Sitayarudia maneno waliyokuambia wazee wa ukoo, maana uliyasikia na uliyabeba mpaka Chanika. Ninachokumbuka ni kwamba uliondoka bila kumlaumu mtu, ukanipa panga lako, ukaniomba nisiache kwekwe zipande kwenye visiki vya ile uliyoikata ilipokauka.

Sasa nikueleze ya mwezi uliopita. Alikuja afisa misitu mpya, dada mmoja wa Kipare anaitwa Asnath, mpole lakini macho yake hayaachi kitu. Alipima mivule yangu mmoja mmoja kwa utepe. Mingine imeanza kuzaa mwaka huu, na akaniambia hajaona mivule iliyovumilia ukame hivi katika mwinuko huu. Kesho yake akaniomba tupande naye mpaka msitu wa juu, anionyeshe jambo.

Tulipanda tangu asubuhi. Unaijua ile miti ya baridi kule, mikubwa, imevaa kuvu mpaka matawini, ambayo bibi alikuwa akituambia tuiamkie. Asnath alipiga magoti kwenye shina la mmoja akapekua majani makavu. Chini yake kulikuwa na mche wa mvule, urefu wa kiganja. Mvule, kaka, kule juu! Akanionyesha wa pili, na wa tatu. Akanionyesha na miche ya miti mingine ya kwetu chini, ambayo wazee wetu hawakupata kuiona mahali pale. Hakuna aliyeipanda. Aliniambia popo wamebeba, na hondohondo, na upepo. Akasema msitu unahama. Joto linausukuma kutoka chini, nao unapanda mlima kufuata ubaridi wake. Miti mizee haiwezi kung'oka, kwa hiyo inabaki kufia ilipo na kuwatuma watoto.

Nami nilipiga magoti nikaugusa ule mche. Juu yetu walipita hondohondo wawili, mbawa zikivuma kama ungo unapopepetwa, nami nikawaza kwamba pengine hapo hapo tumboni mwao kuna mti mzima unasafiri. Maisha yangu yote nimeuona msitu ule kama kitu kilichokaa tu. Kumbe ulikuwa safarini, umetupita sote, na hakuna aliyesikia hatua zake. Nilisema Subhanallah mpaka sauti ikanikauka. Nilimuuliza Asnath, miti ikifika kileleni itakwenda wapi? Alinyosha kidole juu. Akajibu kwamba baada ya kilele ni mbingu, na ndiyo maana anatafuta mbegu zinazojua kiu, ili miteremko ya chini isibaki mitupu.

Tuliporudi shambani akatoa fomu yake. Alikuwa ameshapanga kuotesha miche ya vijiji vitatu, hapa na kushuka hadi Mashewa, kutokana na mbegu za mama wa mivule yangu. Watu wameshajaza udongo viriba vya miche, wanangoja. Akaniuliza mti mama uko wapi. Nikamjibu kwenye Msitu wa Tambiko. Akaandika.

Kaka, siku mbili nilimwacha na jibu hilo. Siku ya tatu nilimfuata ofisini kwake nikamweleza, na sasa nakueleza wewe.

Mivule yangu si ya tambiko. Wiki ile matunda yalipoanguka nilikuwa katika siku zangu, na unajua mwanamke aliye katika siku zake haingii mle. Nilikuwa na miaka kumi na saba, ningemwambiaje Baba? Ningekuambiaje wewe? Na kuokotewa hairuhusiwi. Nilingoja, na nilipokuwa safi popo walikuwa wamemaliza kila tunda. Ndipo Mama akanituma Chanika kwenye harusi ya binti wa shangazi. Nyuma ya ghala la Mzee Shamshudin nikakuta mvule umemwaga matunda chini, nikajaza pindo la khanga. Nilirudi nikamwambia Baba nimeokota kwa mkono wangu. Hilo tu ndilo lilikuwa kweli.

Wewe ulikiri viatu, mimi sikukiri mbegu. Miti yako haikufa kwa mwiko wala kwa uzembe wako. Ilikufa kwa sababu ilikuwa miti ya kweli ya Bungu, imezaliwa na mama aliyezoea kunywa ukungu, na ukungu umeondoka. Yangu ni ya Handeni, imezaliwa na kiu. Niliwaona wakikutoa kwenye ukoo, nami sikuitaja Chanika. Miaka yote hii nimesifiwa kwa kosa langu, nawe umeadhibiwa kwa uaminifu wako. Nisamehe, kaka. Sina neno lingine, na hili lenyewe limechelewa.

Asnath hakunigombeza. Alicheka huku akifuta macho. Alisema nimefanya kwa aibu kazi ambayo popo wangehitaji vizazi na vizazi. Lakini akaniambia pia kwamba ningenyamaza, angeokota mbegu za mti wa tambiko na kuzipanda kwenye miteremko mikavu, na vijiji vitatu vingezika miche kama ulivyozika wewe. Aliichana ile fomu.

Kisha akaomba kuona shamba lako. Sikuwahi kukuambia hili kwa kuogopa kukupa tumaini la bure: visiki vyako vitatu vimechipua. Baba alitaka kulima mahindi pale, nami nikamwambia udongo haujapumzika, nikaendelea kupalilia kwa panga lako. Machipukizi sasa yamenipita kimo. Asnath aliyashika kama mtu anayeshika mtoto mchanga. Alisema kati ya mivule yote aliyoiona Bungu, hiyo mitatu ndiyo atakayoilinda kwanza, kwa kuwa ni damu ya mti wa tambiko iliyopita kwenye moto ikabaki.

Baba bado hajui. Nimetaka wewe usikie kwanza, kabla ya mtu yeyote wa ukoo.

Kwa hiyo Jumamosi njoo, lakini usilete mbuzi. Mbuzi nimeshamnunua mimi, na pale ulipopangiwa kusimama nitasimama mimi. Ukifika ukaona napigwa na maneno, usinitetee. Kaa tu mahali ambapo nitakuona.

Nisalimie wifi Tatu na watoto, na Mzee Shamshudin umpe shikamoo yangu na shukrani. Atauliza ya nini, mwambie nitakuja kumweleza. Ukitoka chukua mfuko. Matunda ya mvule wenu yatakuwa yameanza kudondoka. Okota yaliyo laini kabla popo hawajakuwahi, Asnath anayasubiri. Na ukiinama pale nyuma ya ghala, uusalimie mti ule kwa niaba yangu. Uuambie watoto wake huku hawajambo.

Mdogo wako,
Shamsia binti Semboja