Jaribio la Mbio Lililofutwa

Jumatatu, 12 Januari
Siku ya kwanza ya mazoezi, na Kocha Signe amefuta jaribio la mbio! Jaribio langu, lile la kukimbia kwenda na kurudi mpaka abaki mmoja. Kila Januari nalishinda mimi. Huyu Mdenmark hata baridi ya hapa Rochester hajaizoea, anatuambia pumzi tutaipata kwenye mpira. Kelsey, kipa wetu, rafiki yangu tangu chuo, akauliza: sasa tutajuaje nani alilala Krismasi nzima? Signe akacheka tu, akatupanga mduara. Wao wanapasiana, mimi katikati nafukuza. Nikafukuza weee. Jocelyn akasema, "Bibi, tukuletee kiti?" Wote kicheko. Nami nikacheka. Iliniuma.

Jocelyn ana miaka kumi na minane, beki wa kulia kama mimi, na anaishi kwangu mpaka apate chumba. Chuo alikikataa, akaenda Barcelona kucheza, sasa karudi. Enzi zetu huo ungekuwa wazimu.

Jumatano, 14 Januari
Signe kaniita tutazame video, mechi ya mwisho ya timu ya taifa na Wahispania. Akasimamisha picha. Mimi hapo naufuata mpira, mbio hasa. Akauliza, winga wao anafanya nini? Amesimama, nikasema. "Anakungoja uondoke," akasema.

Kutwa nzima nimekuwa nalo hilo. Zamani sisi Wamarekani tulikuwa tunawachosha hawa watu! Dakika ya sabini wameshika viuno, sisi ndiyo kwanza tunaanza. Mama, kule Ohio, bado anaamini hivyo. Leo kwenye simu kasema kwani si nyie mliowafundisha? Nikamwitikia ndiyo, mama. Lakini naogopa. Kikosi cha taifa kinaitwa wiki ijayo, mechi ni na Wahispania hao hao, na nina miaka thelathini na minne. Nisipoitwa safari hii, nimekwisha.

Jumapili, 18 Januari
Wazo la Kelsey. Sisi wakongwe watano, uwanja wa shule karibu na kwake, theluji imekwanguliwa pembeni – tukalikimbia jaribio wenyewe! Bila kocha, bila daktari. Tulitaniana, tulitukanana, nikafurahi ambavyo sijafurahi siku nyingi. Mwisho tukabaki mimi na Kelsey. Nikamwacha. Halafu nyuma ya paja – pwa! Nikamaliza kwa kuchechemea, mikono juu. Nimeshinda! Nimeshinda!

Kelsey hakucheka. "Nyamaza, Whit," akasema. "Kaa chini."

Mjinga mimi.

Jumatatu, 19 Januari
Mguu nimeufunga, nikavaa suruali ndefu. Signe nikamwambia nimelala vibaya. Mduara tena. Kukimbia siwezi, basi nikasimama na kutazama kwanza: nani yuko wapi, pasi itakwenda kwa nani. Nikaunasa mpira. Nikaunasa tena!

"Bibi! Leo umekula nini?" Jocelyn huyo.

Signe akapiga makofi. Baadaye akanishika bega, akasema hiki ndicho alichokuwa anakitafuta kwangu, na kocha wa taifa atapata habari hizi leo hii.

Nimelia garini. Sijui kama ni furaha. Nimekimbia tangu nina miaka sita, wazazi wakishangilia pembeni, makocha wakishangilia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nisimame nitazame.

Jumanne, 20 Januari
Paja limevilia damu mpaka nyuma ya goti. Kelsey kaja asubuhi na barafu. Waambie, akasema, la sivyo nawaambia mimi. Kufika mlangoni akageuka: hapana, siwezi, useme mwenyewe.

Signe kanidokeza kwamba nisipokwenda mimi, anakwenda Jocelyn. Binti mwenyewe hajui. Na anafaa! Hilo ndilo linalonichoma. Yule winga akisimama, Jocelyn atasimama naye.

Lakini nami sasa nimeona. Jana nimeona! Wiki tatu za kupumzika tu na ningekuwa beki mwingine kabisa. Wiki tatu hazipo.

Mchana. Simu nimeisahau jikoni, na inalia. Jocelyn anakaanga mayai.

"Bibi! Bibi, ni wao! Timu ya taifa!" Anarukaruka, utadhani ameitwa yeye. "Njoo uchukue, mikono yangu ina mafuta! Njoo basi, itakatika!"

Amesimama mlango wa jikoni, ananitazama, meno yote nje. Nikinyanyuka tu, ataona ninavyotembea. Inalia bado. Naiweka kalamu, nashika ukingo wa meza, nanyanyuka: aone.