Bawa Dogo Chini ya Kitanda, Kator

Mpendwa kaka Wani,

Nimelikata bawa lako. Nalisema hili kabla ya salamu kwa sababu hukupenda mtu anayeanza habari kutoka mbali. Nimezikata kamba zake zote kwa kile kisu cha mama cha kukatia mboga za kudra, na hakuna atakayeruka nalo tena. Sasa kaa nikueleze ilivyokuwa.

Unakumbuka nilivyokuja Iten? Nilikuwa nimemaliza shule, nakaa kwa shangazi Eldoret, sina kazi, na wewe ulikuwa umeshapata riziki kule ukingoni mwa bonde la Kerio, ukiwakunjia wageni mabawa yao ya kitambaa ya kurukia wakishatua. Watu wa pale walikuita Msudani wa miavuli. Mimi nilidhani siku hiyo hiyo nitaruka. Ukanipeleka uwanja wa mpira wa shule ya msingi, ukanivisha kiti cha mikanda, ukaniambia nisimame. Wiki tatu nilisimama tu! Nililinyanyua bawa kwa upepo, nikalishikilia juu ya kichwa, nikalishusha, nikalinyanyua tena. Likinivuta nikaanguka kifudifudi, ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Usipigane nalo, Kiden. Likienda kulia, nenda nalo. Ingia chini yake."

Siku niliyoliburuta kwenye kokoto hukucheka. Ulinikalisha kwenye nyasi ukanifanya nipitishe vidole kwenye kila kamba, kuanzia kitini hadi kitambaani, nikitafuta mahali palipokwaruzwa. Uliniambia jua linakula kitambaa, kwa hiyo nisiliache limetandazwa wakati tunapiga soga. Nisilikunje likiwa na umande. Nitazame ndani kabla ya kukunja, maana panzi akifungiwa humo atatafuna njia ya kutokea. Na kila nilipovaa ile mikanda, hata kama nilikuwa nasimama tu uwanjani, ilinibidi niseme kwa sauti, "Mguu, mguu, kifua, kofia," huku nikigusa kila kifungo. Watoto wa shule walijifunza kabla yangu. Walikuwa wakituimbia kutoka ng'ambo ya uzio.

Kisha ukanunua bawa dogo kutoka kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao. La rangi ya chungwa, kingo za buluu, karibu nusu ya lile la kufundishia. Mwaka mzima ulinikataza kuliruka. Bawa dogo lina mbio, ulisema, linapenya upepo ambao ungelirudisha kubwa nyuma, ila ukivuta breki, ile kamba ya mkononi, ya upande mmoja linachimba kwenda chini kabla hujataja jina lako. Basi usiligeuze karibu na ardhi. Ukiona umekosea, tua mbele yako hata kama mbele yako ni shamba la mtu.

"Shamba tutaomba msamaha," ulisema.

Siku moja kabla hujafa, breki ya kulia ya bawa dogo ilikuwa imechakaa pale kamba inapofungwa kwenye mpini. Kidole chako kilikuwa na kidonda, umekatwa na bati, ukaniambia nifunge mimi. Nikakata sehemu iliyochakaa, nikafunga fundo kama ulivyonifundisha, nikalivuta kwa nguvu zangu zote mbele yako. Hukulitazama. Ulikuwa unakunywa chai. Ulisema, "Ukifunga wewe, najua imefungwa."

Kesho yake ulitoka adhuhuri, saa ambayo wewe mwenyewe ulikuwa ukituambia tukae chini, joto linapopanda kutoka bondeni na kulitikisa bawa lolote. Mimi nilikuwa Eldoret. Mwenye shamba la ndengu aliyekuona ndiye aliyenisimulia.

"Alizunguka chini sana, dada," alisema. "Alizunguka upande wa kulia, halafu hakunyooka."

Upande wa kulia, Wani. Neno hilo nilisafiri nalo hadi Juba ndani ya ndege iliyokubeba wewe, na sikumwambia mtu. Bawa lilikuwa kwenye mfuko wake, limefungwa na watu walioliokota. Nililisukuma chini ya kitanda hapa kwa mama, mtaa wa Kator, na sikuligusa tena. Nilikuwa nikilala juu ya fundo langu. Kama lilifunguka, basi mimi ndiye niliyekuua, na kama halikufunguka, sijui nani. Nikaona heri nisijue.

Nilikuja kwa wiki mbili. Baada ya matanga miguu ya mama ikagoma. Kwanza fimbo, kisha fimbo na bega langu. Pasipoti yangu aliitia kwenye sanduku lake la chuma pamoja na kanga za kanisani. "Hapa iko salama," akasema, na ufunguo akauvaa shingoni. Sikuwa na moyo wa kumwomba. Wiki mbili zimekuwa miaka miwili. Nimepata kibarua mtaa wa Nyakuron, kwenye duka la fotokopi la mama mmoja Mganda. Asubuhi natoka Kator kwa boda, narudi jioni, namsugua mama miguu kwa mafuta, na kengele za kanisa kuu zinaniambia siku nyingine imekwisha kabla sijaitumia.

Na anga, kaka! Naiona Jebel Kujur, ule mlima wa kando ya mji, kila ninapokwenda kazini. Ina ubavu mzuri unaotazama upepo, wewe ungeuona kabla yangu. Lakini mji huu mtu akitoa simu apige picha barabarani anaulizwa maswali mpaka anasahau alitaka kupiga nini. Nani atasimama mlimani na kitambaa chenye kamba, akamwelezea askari kwamba anataka kucheza tu? Ndege za abiria zinapita juu ya mabati yetu zikishuka uwanjani, na mimi nimesimama uani na beseni la nguo, nikihesabu upepo bila kutaka. Kuna mchana mwingine nahisi kifua kinabana kama mkanda umekazwa na mtu asiyenijua. Nikimwambia mama nataka hewa, ananionyesha dirisha.

Sasa mwezi uliopita akaja dukani Mkenya mmoja, fundi wa jenereta, jina lake Mutua. Alitaka kuchapisha fomu ya likizo. Kwenye skrini ya kompyuta nilikuwa nimeweka ile picha yetu uwanjani, mimi nimenaswa kwenye kamba kama kuku, wewe umeshika tumbo kwa kicheko. Akaitazama, akasahau fomu.

"Sista, hiyo ni Iten?"

Kumbe aliwahi kujifunza kidogo, akaruka mara chache na mwalimu, kisha kazi ikamleta huku. Likizo yake ilikuwa inaanza baada ya siku nne na alikuwa na hamu ya bawa lake mwenyewe. Nilipomwambia ninalo moja, dogo, macho yake yaling'aa. Akataja bei. Kwa bei ile ningefika Iten na kupanga chumba na kukaa miezi kadhaa nikitafuta kazi ukingoni. Nilirudi nyumbani jioni ile miguu haigusi chini. Ndiyo, nilisahau fundo. Nilisahau hata wewe, kwa umbali wa kutoka Nyakuron hadi Kator.

Jumamosi asubuhi nikalitoa. Nilifagia ua, nikatandaza turubai, nikaufungua mfuko. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Hajawahi kuliona likiwa wazi. Udongo mwekundu wa Kerio ulimwagika juu ya turubai, na shina moja kavu la ndengu.

"Ya biniya, binti yangu," mama akasema, "hiyo kitu ndiyo ilibeba Wani?"

"Ndiyo, mama."

"Ni nyepesi hivi?"

Nilikuwa tayari nimeushika mpini wa kulia. Fundo lilikuwepo. Limekaza, halijasogea hata upana wa ukucha, na mkia wake ni mrefu vilevile nilivyouacha. Nilipiga magoti pale nikalia kwa sauti. Mama akadhani nimeumwa na nge, akaanza kuita majirani. Ndipo nikamweleza yote, ya fundo, ya upande wa kulia, ya miaka miwili. Alisikiliza, kisha akanipiga kofi dogo la begani.

"Kwa nini ulikaa na hii peke yako? Mimi si mama yako?"

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini ulinifundisha kwamba bawa haliuzwi wala haliazimwi bila kukaguliwa lote, kwa hiyo nikaendelea. Kamba zilikuwa na afya. Kitambaa ndicho kilichonishangaza. Kilikuwa laini kama shuka iliyofuliwa mara nyingi, hakina tena ule mlio mkavu wa kitambaa kipya. Nikaweka mdomo nikapuliza, na kiganja changu cha upande wa pili kikapata joto la pumzi yangu. Nikajaribu katikati, nikajaribu kwenye mbavu za juu ambako jua hupiga zaidi. Pumzi ilipita kama kwenye chandarua. Kitambaa kinachopitisha hewa hivyo hakishiki upepo sawasawa, na bawa likizimika, yaani likijikunja hewani, upande mmoja halifufuki upesi. Wewe ndiye uliyenionyesha jinsi ya kupuliza. Huwezi kuniambia hukuwahi kupuliza hili.

Ulijua, Wani. Ulilijua bawa lako limechoka na ukaruka nalo adhuhuri. Nimekasirika nawe wiki nne sasa, na hasira haina mahali pa kwenda, ua wetu ni mdogo.

Mama alikuwa akinitazama. "Nini tena?"

"Kitambaa kimekufa, mama. Mtu akiruka nalo anaweza kuanguka."

"Huyo Mkenya anajua?"

"Hajui."

Akauvua ufunguo shingoni, akaniambia nilete sanduku. Akaitoa pasipoti chini ya kanga, akanyoosha mkono wake hadi nikaipokea.

"Uza. Enda," akasema. "Kalas, basi. Mimi nimekufunga hapa, najua. Nilidhani nikikushika hutaanguka."

Miaka miwili nilikuwa nikilisubiri neno hilo, na lilikuja saa ambayo siwezi kulitumia. Nilitamani angalau angelisema jana, kabla sijapuliza.

Mutua alifika mchana na pesa zake na mkoba wa safari. Nikamweleza. Nikamshika mkono nikauweka nyuma ya kitambaa, nikapuliza, akahisi. Akacheka, si kwa dharau, ni kicheko cha mtu ambaye tayari amejiona hewani.

"Hiyo si shida, sista. Mimi nitaruka taratibu tu, asubuhi, upepo ukiwa mpole. Nipunguzie kidogo tu tumalizane."

"Bawa dogo haliruki taratibu. Na hili likizimika haliamki."

"Ni maisha yangu, si yako. Nishakuja na pesa."

Akaanza kulikunja mwenyewe, vibaya, akivuta kamba juu ya turubai. Nikaona mabegani mwake ile haraka ya mtu aliyekwisha amua. Nikasema moyoni, huyu sitamlazimisha anisikie. Nikaingia jikoni nikatoka na kisu. Nilikata pale kamba zinapokutana na mikanda, upande wa kulia kwanza. Kamba ni ngumu, ilinibidi nisugue kama ninayekata mfupa. Mutua alipiga kelele, akaniita mwendawazimu, akauliza kama najua kitu kile kina thamani gani. Nilikuwa najua kuliko yeye. Nilikuwa naikatakata tiketi yangu ya kurudi Iten. Sikuacha hadi kamba ya mwisho, na alipoondoka alilifunga lango kwa kishindo mpaka kuku wakaruka ukutani.

Kwa hiyo bado niko hapa, kaka. Pasipoti ninayo mfukoni, na sina pa kwenda nayo. Duka, boda, mafuta ya miguu. Mvua zimeanza na njia yetu imekuwa tope. Kuna asubuhi najuta. Kuna asubuhi namwona Mutua akilini yuko kwao, amekaa mezani na watoto wake, na sijuti.

Lakini kuna jambo moja lilitokea jioni ile, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nilikuwa namsugua mama miguu. Tangu uanze kuruka hakuwahi kukuuliza chochote kuhusu huko juu, kwa simu alikuuliza kama umekula. Sasa akasema, "Niambie. Wani huko alikuwa anaona nini?"

Nikamwambia. Nikamweleza mto ulivyo kama uzi, mbuzi kama punje za mchele, tai wanaokuja kuzunguka nawe kwenye hewa moja bila kukuogopa. Nikamweleza baridi ya masikioni na ukimya unaokuja miguu ikishaachana na ardhi. Alikuwa amefumba macho. Alitabasamu pale pa tai.

"Basi hakuwa na hofu, mtoto wangu."

"Hakuwa na hofu hata kidogo, mama."

Nilimdanganya. Uliogopa kila mara. Kabla ya kila mruko ulikwenda nyuma ya lile jiwe kubwa ukatapika, ukapangusa mdomo kwa mkono wa koti, ukarudi kwetu ukitabasamu, na mimi peke yangu nilijua. Hilo sitamwambia mama wala mtu mwingine yeyote. Pumzika, kaka. Hakuna anayekusubiri ukingoni sasa, huna haja ya kujikaza tena.

Mimi dada yako,
uliyemwachia mama