Salimu Mwingine Alinitangulia Msambweni

Dada Mwanasha,
Nakusalimu kutoka Msambweni. Pochi yangu ilipotea Likoni, ikiwa na kipande changu cha utambulisho na anwani ya Shangazi. Hatujawahi kuonana, basi nilipofika kwake na kujitaja jina, alishangaa.

"Salimu alikuja jana! Alikula samaki wa kupaka, nikampa kanzu ya marehemu mume wangu."

"Shangazi, Salimu ni mimi."

Akanitazama sana. "Wewe umeniuliza habari za mguu wangu kabla hujakaa. Yule hakujua hata kama unaniuma." Akanipakulia.

Tumeshapiga ripoti polisi, penye bendera mpya ya uhuru. Akija mtu huko Malindi na kipande changu, msimkaribishe. Lakini najiuliza, akiitwa Salimu njiani, hugeuka upesi kama mimi?

Mama nambusu mikono.

Nduguyo akupendaye,
Salimu