Gauni la Kumwaga Maua

Dagoretti,
Nairobi.
14 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Peres,

Hujambo? Mguu unaendeleaje? Baba alisema siku hizi unaenda shambani bila fimbo, nikafurahi sana. Huku sote tuko salama. Mimi niko sawa, kwa mtu mwenye figo mbovu: Jumanne na Ijumaa nasafishwa damu hospitali, siku zingine niko shule.

Gauni lilifika, asante kwa kuhangaika. Lakini Shangazi, hilo ni gauni la mtoto wa kumwaga maua, na binti yako Emmah, nikiwa bado nimelazwa wodini, aliniahidi nitakuwa mpambe kwenye harusi yake. Najua ilivyoenda. Mama alituma vipimo vyangu, fundi akaona ni vya mtoto wa miaka tisa, akashona alichodhani. Fundi simlaumu. Nakulaumu wewe, kwa sababu uliliona ukasema ni sawa tu, nikae na watoto. Nina miaka kumi na tano.

Jumapili ulipopiga simu, Baba alikuwa ameweka spika. Nilikusikia ukiuliza kama Mama ananipa chakula. Mama alitoka nje akaanza kuanua nguo ambazo hata hazijakauka. Iliniuma sana. Huyo ndiye hunichemshia viazi mara mbili na kumwaga maji, vile alivyoagizwa hospitali, na chakula chake hukila kikiwa kimeshapoa.

Basi wacha nikueleze nilivyoelezwa na daktari. Homoni ya kukuza ninayo, tena ya kutosha, ila figo zikiharibika mwili hauisikii vizuri. Ndiyo maana Clifford, na ni mdogo wangu, amenipita kichwa kizima. Ubongo pia hutuma homoni za kuamsha ovari, na ugonjwa huu unazivuruga hizo nazo. Hedhi bado sijapata. Siku hizi najidunga sindano ya hiyo homoni ya kukuza kila jioni, pajani, mwenyewe, ili iongezeke mpaka mwili uisikie. Tangu Aprili nimeongeza sentimita nne, na Clifford ndiye aliyepima, kwa hivyo hakuna upendeleo.

Ulisema pia, ukipunguza sauti, kwamba huyu hatazaa. Daktari hajasema hivyo. Alisema wengi hubadilika wakipata figo mpya, na kwangu bado hajui. Kama yeye hajui, wewe umejulia wapi? Na hata nisipozaa, hiyo siku ni ya harusi ya Emmah, si ya kuhesabu nani atazaa.

Emmah nimeshampigia. Amesema nitaingia kanisani mwisho wa wapambe wote, yeye akinifuata. Hatua za kuingilia nimezijua, nazifanyia mazoezi kwenye varanda mpaka majirani wamezishika. Kile kigauni nimempa binti wa jirani, ana miaka minane, na kimemkaa vizuri.

Mama ananishonea gauni jipya kwa kitambaa cha wapambe. Jana niliona ameacha upindo mkubwa sana chini, nikamuuliza wa nini na harusi ni mwezi ujao. Hakuinua macho kwenye cherehani.

"Ni wa kurefusha," akasema.

Nisalimie Nyanya Nasimiyu, na Dalmas umwambie kitabu chake ninacho. Mungu auponye huo mguu kabisa, Shangazi, maana nataka uwe umesimama nikiingia.

Wako akupendaye, hata baada ya haya yote,
Ivyne