Njaa ya Nabwire, na Yako

Malaba, Jumapili baada ya ibada

Kaka yangu Mwakio,

Salamu hizi zikupate hapo Wundanyi ukungu ukiwa bado haujapanda, nawe u mzima. Mama anaendeleaje? Magoti bado yanamruhusu kupanda hadi kanisani? Na wewe mwenyewe unaamkaje siku hizi? Siulizi kwa kutimiza desturi, kaka, nataka kujua. Sisi huku tuko salama, ila joto na vumbi la malori. Mwaka wa tisa huu tangu Wandera anioe na kunileta mpakani, na bado nikiamka huwa naitafuta baridi ya kwetu nisiipate.

Ningepiga simu. Nimekupigia mara tatu mwezi huu, na kila mara nimeishia kukuuliza habari za mvua na mahindi, kisha nikakata. Jambo la leo halisemeki huku unasikia pumzi ya mtu.

Ni kuhusu mpwa wako, Nabwire. Humjui ila kwa picha, na ukiziangalia vizuri utaona zote nimempiga uso tu. Ana miaka saba na mwili wa mtoto wa darasa la sita, mrefu na mnene. Alipokuwa mchanga watu walinisifu. Mama mkwe alikuja kutoka Marachi, akambeba, akacheka: "Maziwa ya Mtaita ni mazito!" Alipofika miaka mitatu sifa zikageuka maswali. Unajua nina hoteli ndogo karibu na wanapoegesha malori, nauza chapati, maharage na ndizi za kupika. Basi kila mtu akawa na jibu lake. Hata dereva aliyekwama kwenye foleni siku mbili hujiona ana haki ya kuniambia, "Mama, huyo mtoto mpunguzie chakula." Nikampunguzia. Nilimpunguzia mpaka akawa analia akitazama sahani za wateja, na mwili haukupungua.

Mwezi wa pili mwalimu alimrudisha nyumbani na ujumbe kwamba shingo yake ni chafu. Kweli ilikuwa nyeusi, hapo kisogoni na kwenye makwapa, kama masizi yaliyoganda. Nikachukua sabuni na dodoki nikamsugua. Kesho yake nikamsugua tena. Siku ya tatu ngozi ikachubuka na weusi uko palepale, naye amesimama kwenye karai, halii, hasemi. Ule ukimya niliutambua. Ndivyo ulivyokuwa ukisimama mtoni, Mama akikusugua shingo kwa jiwe na kukuita mchafu, mimi nimekaa ukingoni nacheka.

Lakini bado sikujifunza. Wiki hiyohiyo nikatia kufuli kwenye kabati la chakula. Mchana mmoja wateja wamepungua, nikamkosa mtoto. Nilimkuta nyuma ya hoteli, amechuchumaa kwenye ndoo ya makombo tunayomwekea jirani mwenye nguruwe. Anakula. Nilimpiga kofi.

"Si umekula saa hii? Huna haya?"

Akafuta mdomo kwa mkono. "Nimekula, Mama. Lakini tumbo halijasikia."

Nilikaa chini palepale kando ya ile ndoo.

Siku ya pili nikafunga hoteli, tukaenda hospitali Busia. Nilikuwa nimejiandaa kukemewa. Daktari, dada mdogo kuliko mimi, alimpima uzito na kimo, akamtoa damu, kisha akamwinamisha kichwa na kuitazama shingo.

"Nani amemchubua hivi?"

"Ni mimi, daktari. Nilikuwa namwogesha."

"Mama, huu si uchafu," akasema, tena polepole. "Hii ngozi inatuambia mambo ya ndani. Mwili wake unalazimika kutoa insulini nyingi sana ndiyo sukari ikae sawa kwenye damu." Halafu akaniuliza, "Kwenu kuna mtu alikuwa hivi tangu utotoni?"

Nikajibu hapana. Jibu lilitoka lenyewe, kama mtu anayeficha mwiko wa nyumba yake. Tulikuwa tumeshafika langoni, Nabwire amenishika kidole, nikageuka nikarudi naye ndani. Nikasema, "Daktari, nina kaka."

Nilimweleza yote. Jinsi ulivyokuwa ukila na dakika chache baadaye unatafuta tena. Jinsi Mama alivyoniweka askari wa jikoni, nikulinde usiguse sufuria, na jinsi nilivyoipenda kazi hiyo. Nikamwambia ni mimi niliyekuita Shimo, nikiwa na miaka saba, na kijiji kizima kikaniitikia. Hadi leo mkeo anakuita Shimo, nawe unaitika.

Daktari aligeuza karatasi akachora visanduku vya wanaume na maduara ya wanawake: Baba, Mama, wewe, mimi, Nabwire. Kisanduku chako akakipaka wino wote, na duara la Nabwire vilevile. Akasema watoto wengi wanene hawako hivi, lakini wapo wachache wanaozaliwa na hitilafu katika vinasaba, ule urithi tunaoupokea kwa baba na mama, na ubongo wao hausikii tumbo linaposema limeshiba. Mtu anaweza kuubeba urithi huo na usimsumbue sana, kisha ukajitokeza kwa mwanawe. Huenda umepita kwangu. Hana hakika. Kipimo chenyewe hakifanyiki hapa, damu husafirishwa mbali, na hata majibu yakija, kazi ya nyumbani ni ileile.

"Huyo kaka yako ana kisukari?" akauliza.

"Sijui."

"Presha?"

"Sijui."

Niliona aibu, Mwakio. Umbo lako nimelicheka miaka thelathini, afya yako sijaiuliza hata siku moja.

Sukari ya Nabwire iko juu kidogo, haijafika kuwa ugonjwa. Kufuli bado liko kabatini, tena kwa ushauri wa daktari, lakini sasa linatufungia sote: hata Wandera akitoka kazini anangoja saa ya chakula. Soda imetoka nyumbani. Tunakula mboga, maharage na samaki, na sahani zetu zinafanana. Njaa yake haijaisha, nisikudanganye. Ila akiniambia ana njaa simwiti tena mwongo. Namwambia, "Nakuamini. Chakula ni saa saba. Twende tukachote maji." Kuna siku inamtosha, kuna siku analala chini akapiga miguu mpaka majirani wanachungulia. Lakini uzito umesimama pale ulipokuwa, na kofi halijarudi.

Sasa nakuomba mawili. La kwanza, shuka zahanati upime sukari na presha, usingoje kuugua. Daktari amesisitiza. La pili ni gumu kuliandika. Nisamehe. Hukuwa mlafi. Ulikuwa mtoto mwenye njaa katika nyumba yenye chakula, na sisi wote tulikuwa upande wa sufuria. Natamani ningekuwa hapo jikoni kwetu leo, ukungu mlangoni, nikupakulie kimanga cha moto, mihogo na maharage ya kupondwa, nikae kando yako bila neno mpaka useme basi wewe mwenyewe. Mama usimwambie kitu bado, asije akajilaumu na umri huu. Nitamwambia mwenyewe Desemba, nikimshika mkono.

Nisalimie wifi yangu na wanao wawili, na kama kuna anayekula kama wewe, mkumbatie. Nisalimie shangazi aliyenifundisha kusuka vikapu, na mchungaji wetu. Wandera anakusalimu sana.

Nabwire ameniona nikiandika, akauliza barua ni ya nani. Nikamwambia ni ya mjomba wake, ambaye alipokuwa mdogo alikuwa kama yeye. Akanisogelea.

"Na yeye akimaliza kula, bado anasikia njaa?"

Nimemwambia sijui, sijawahi kumuuliza. Amesema nikuulize.

Dada yako akupendaye,
Wakesho