Marando ya Mgeni Njoo

Jumatatu, 7 Oktoba

Ndoo kumi na mbili kabla jua halijawa kali. Kisima cha bondeni kimeshuka, kamba haifiki, nimeiunga na kipande cha khanga kuukuu. Mgongo unauma. Marando ya viazi vitamu, yale mashina yanayotambaa tunayokata na kupanda, yako hai, aina zote kumi na moja. Nimepita tuta kwa tuta nikiyataja kwa majina, kama nilivyokuwa naita mahudhurio darasani. Nimestaafu ualimu, tabia haijastaafu.

Kazi ni moja: kuyavusha mpaka mvua. Kiazi si mtama, kwamba utaweka mbegu kwenye debe usahau. Marando yakikauka, aina hiyo imekwisha.

Jumatano, 9 Oktoba

Mgeni Njoo ametambaa mpaka nje ya tuta lake. Hiki ndicho kiazi cha nyumba hii. Mayu, mama wa marehemu mume wangu, alikuja nacho alipoolewa hapa Nkololo. Ngozi nyeupe, ndani njano, miezi mitatu unachimba. Ule mwaka mahindi yalipokauka yakiwa usawa wa goti, hiki ndicho tulichokula wakati viazi vingine bado ni mizizi mitupu. Ndiyo maana wakakiita hivyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sijakiona tena kwa mtu mwingine. Naona fahari kuwa nacho peke yangu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Jirani yangu Minza kaja kuomba marando ya Mgeni Njoo. Mara ya tatu. Nimemwambia asubiri. Ukweli ni kwamba sitaki. Aina niliyompa mwaka juzi aliichanganya na nyingine, sasa hajui ipi ni ipi. Kageuka, kaondoka. Mayu alikuwa amekaa mlangoni, kasikia yote.

Jumamosi, 12 Oktoba

Wamekula yote.

Ng'ombe wa Masanja, mume wa Minza. Thelathini na kitu. Wamesikia harufu ya kijani, wameangusha boma la miiba, wameingia. Mimi nilikuwa sokoni Bariadi. Nimerudi nimekuta tope, alama za kwato na samadi. Nimekaa chini humo humo na gauni langu la kwendea mjini. Nimelia kama mtoto.

Jumapili, 13 Oktoba

Sikwenda kanisani. Masanja kaja, kofia mkononi, na mbuzi. "Mwalimu, ng'ombe ni wangu na kosa ni langu." Nimemfukuza yeye na mbuzi wake. Mbuzi hakutaka kuondoka, alishaanza kula maua yangu ya mlangoni. Masanja akamburuta hadi barabarani, mbuzi analia, kuku wanakimbia. Hata hasira yangu haikupata heshima.

Ijumaa, 18 Oktoba

Machipukizi!

Mashina yaliyobaki ardhini yanatoa. Jana nilihesabu aina nane, leo kumi. Nimecheza peke yangu bondeni, mwanamke mzima. Masanja amekuwa akija kila alfajiri kumwagilia. Simsemeshi, hanisemeshi. Boma jipya kalijenga la miiba tabaka mbili, hata panya atauliza njia.

Ila tuta la Mgeni Njoo liko kimya. Nimefukua kwa vidole. Mashina yamepondwa, yameoza.

Bwana shamba kapita, kaahidi marando ya mbegu mpya kutoka mjini. Nimemshukuru na nitayapanda. Lakini hayo si haya. Yanachukua miezi mitano. Njaa ya Februari haisubiri miezi mitano.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimeshindwa kula mchana. Mayu kauliza, "Nikikwambia jambo, utanigombeza?"

Mtu wa miaka themanini na ushee ananiuliza mimi hivyo.

Kumbe miaka sita iliyopita, mimi nikiwa shuleni nafundisha, alimkatia marando ya Mgeni Njoo binti anayeitwa Limi, mdogo wake Minza, alipokuwa anaolewa Mwandoya, kule Meatu. Alimfungia kwenye khanga. "Bibi harusi haendi mikono mitupu," kasema. "Mimi mwenyewe sikuja hivyo."

Nimemuuliza kwa nini kakaa kimya wiki nzima huku ananiona nalia.

"Nilikuogopa, mayu."

Mimi ndiye ninayemwita mayu, yaani mama. Leo kaniita hivyo yeye, kama mtoto anayeongea na mama mkali. Ninaogopwa na mtu aliyenipokea hapa kama binti yake. Furaha na aibu vimeingia pamoja mlangoni, vikakwama. Nimemshika miguu nikaomba radhi. Kaniambia niache kumtekenya.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimekwenda kwa Minza. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakapotea njiani. Nikasema tu, "Nilikunyima. Nisamehe. Na sasa nahitaji msaada wa mdogo wako."

Aliendelea kupepeta choroko zake. Pepeta, pepeta. Nilistahili. Mwishowe akaweka ungo chini.

"Keshokutwa twende wote, Mwalimu. Ila kwenye gari nakaa dirishani."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya nyumba. Yeye pia. Masanja katokea nyuma ya zizi kuangalia nani kapatwa na nini.

Jumatano, 23 Oktoba

Mwandoya. Tumepanda Noah, watu kumi na mmoja na kuku. Minza dirishani, vumbi lote lake. Hakulalamika hata mara moja.

Njiani nilikuwa na hofu tupu. Miaka sita ni mingi, na jua la Meatu halina adabu. Nilijiambia Limi alishakula, alishasahau, alishapanda pamba.

Tumemkuta anafua, akatusalimia kwa Kisukuma. "Mwadila, dada! Mwadila, mayu!" Povu mpaka kwenye viwiko. Minza kamweleza tulichofuata. Limi akashangaa. "Viazi vya Nkololo? Si viko nyuma ya bafu?"

Kweli. Maji ya kuoga yanapotokea, kijani kitupu, kimepanda hadi ukutani. Jani nalijua: vidole vitano, mshipa wa zambarau katikati. Nimepiga magoti kwenye maji ya sabuni. Sikujali.

Hapa wanakiita Nkololo, kwa kuwa huko ndiko kilikotoka. Jina lake la zamani hawalijui. Mama mkwe wake Limi anacho, shoga zake wanacho, hata mwenye mashine ya kusaga anacho. Limi alimpa kila aliyeomba. Katuletea matobolwa, vile vipande vya kiazi kilichochemshwa kikaanikwa, tukala na karanga. Utamu ule ule. Nimekula kwa pupa, sina haya.

Mimi nilikilinda kikafa. Wao walikigawa, kiko hai. Sina la kuongeza hapo.

Tumerudi na magunia mawili ya marando mabichi miguuni. Kondakta kauliza kama ni mboga. Minza kamjibu, "Ni ndugu."

Jumamosi, 26 Oktoba

Siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Masanja kamleta Mayu bondeni kwa pikipiki, polepole, Mayu anampiga mgongoni aongeze mwendo. Tumemwekea kiti. Tumejaza kwanza tuta langu, marando yaliyobaki kagawa Mayu kwa mkono wake. Nyumba kumi na nne. Kila aliyesema wabeja, yaani asante, aliambiwa, "Wabeja utamwambia jirani yako ukimkatia." Wanaume walikuja pia, walijifanya wanapita tu.

Minza kapata fungu la kwanza. Kaja na vijiti na uzi mwekundu wa kuweka alama. Nimemwonyesha jinsi ya kutenganisha aina. Kashika haraka. Ningemwonyesha mwaka juzi, tusingefika hapa.

Masanja alipofika mbele ya kiti, Mayu kamwambia, "Na hili fungu ni la kula watu, si ng'ombe." Bonde zima limecheka, Masanja zaidi ya wote. Wanawake wamepiga vigelegele, mimi nimeimba. Sauti imekauka. Simfichi mtu, nimefurahi.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua ya pili tangu Jumapili. Imenyesha alfajiri, ikakatika. Mayu bado amelala. Nimekoka moto, nimebandika uji.

Kaja mwanamke nisiyemfahamu, tope hadi magotini. Katokea kijiji cha ng'ambo ya mto, kasikia huku kuna marando. Nimeshuka naye bondeni. Nimemkatia ya Mgeni Njoo na aina nyingine mbili, nikayafunga mbalimbali. Hakukaa kunywa uji, wingu lilikuwa linarudi.

Nimemtazama anavyokwenda, fungu kichwani, mkono mmoja umelishika, mwingine umeinua khanga isiguse maji. Alipopotea kwenye kona ndipo nikakumbuka kwamba sikumuuliza jina.